Nataka kuomba ujumbe wa kamati kwenye baraza la taaluma yetu: kazi yenyewe ni ipi?

Swali: "Mimi ni mfamasia, nina miaka 12 kazini. Baraza linalotusajili limetangaza nafasi za ujumbe wa kamati, na msimamizi wangu ananihimiza niombe. Kwa sasa ni katibu wa tawi la chama chetu cha wafamasia. Naomba kujua: wajumbe hufanya nini hasa, kazi inakula muda gani, nifanyeje likija shauri la mtu ninayemfahamu, na je, naweza kubaki na ukatibu wangu? Nakiri pia kwamba naogopa kuwahukumu wenzangu."

Ndugu mfamasia,

Nianze na hofu yako, maana ndiyo inayobeba maswali mengine yote. Mjumbe wa kamati haketi pale kama mfamasia anayemhukumu mfamasia mwenzake. Anaketi kwa niaba ya mtu asiyekuwamo chumbani: mgonjwa atakayefika kesho dirishani kwa mfamasia yuleyule. Chama kipo kwa ajili ya wanataaluma, nacho kina haki kamili ya kuwatetea. Baraza lipo kwa ajili ya umma. Anayeingia kwenye kamati bila kuutambua mpaka huo hujikuta kila mara akiuliza "hivi mimi ningependa kufanyiwa hivi?", na hapo ameshalipoteza swali lililomleta.

Mpaka huo ulichelewa kuwekwa. Baraza la madaktari la Uingereza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1858, na mjumbe wake wa kwanza asiye daktari aliingia mwaka 1926, miaka 68 baadaye. Gharama ya kamati kuliangalia kosa kwa jicho la mwenzake imewahi kuonekana wazi. Mwaka 1976 daktari kijana wa nchi hiyo, Harold Shipman, alitiwa hatiani mahakamani kwa kughushi vyeti vya dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu, akatozwa faini. Kamati ya baraza ililimaliza jambo lake kwa barua ya onyo, naye akaendelea na kazi. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa kuwaua wagonjwa 15. Ripoti ya tano ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Janet Smith, iliyotoka Desemba 2004, ililikosoa vikali baraza kwamba lilitanguliza maslahi ya madaktari kuliko usalama wa wagonjwa. Kamati ya 1976 isingeweza kuona mauaji ambayo hayajatokea, na hakuna anayedai hilo. Lakini swali la kamati ni lile lile kila siku: kwa haya yaliyoko mezani, ni hatari gani anayoibeba mgonjwa ajaye, na tumefanya nini kuipunguza?

Sasa kazi yenyewe. Mabaraza mengi ya taaluma za afya yana kamati kadhaa, na tofauti zake ni kubwa kuliko tangazo la nafasi linavyoonyesha. Kamati ya usajili huamua nani aingie kwenye rejista na kwa masharti gani. Kamati ya uchunguzi, ambayo pengine huitwa ya malalamiko, husoma malalamiko na majibu yakiwa kwenye karatasi, kisha huamua kama yaishie hapo, mtu apewe ushauri au onyo, apelekwe mafunzo, au shauri lipelekwe mbele. Kamati ya nidhamu husikiliza mashauri hayo ya mbele kama mahakama ndogo, yenye mashahidi, mawakili na viapo. Ipo kamati inayoshughulikia afya ya mwanataaluma mwenyewe, pale ugonjwa au uraibu unapomfanya asiweze kufanya kazi kwa usalama. Hiyo haitafuti kosa, inatafuta uwezo. Ipo ya ubora wa utendaji, inayoangalia kumbukumbu za mafunzo endelevu na tathmini za kazini. Za fedha, mitihani na elimu sitazigusa hapa.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuomba ya uchunguzi au ya ubora. Ya nidhamu ndiyo inayowavutia wengi, lakini ukiwa umewahi kusoma mafaili 50 ya malalamiko utaingia kwenye nidhamu ukijua kosa la kawaida linafanana na nini. Bila hivyo, kosa la kwanza unalolisikiliza linaonekana kubwa kuliko yote.

Kuhusu muda, usihesabu siku za vikao, hesabu kurasa. Kwa usomaji wa makini wenye kuandika pembeni, kurasa 30 hadi 40 kwa saa ni mwendo wa haki. Kikao cha uchunguzi chenye mafaili sita ya kurasa 120 kila moja ni kurasa 720, yaani saa 18 hadi 24 za kusoma kabla hujakaa kwenye kiti. Ongeza siku ya kikao, na saa mbili tatu za kupitia rasimu za uamuzi baadaye. Kwenye nidhamu mzigo uko tofauti: usomaji wa mwanzo ni mdogo, lakini shauri linaweza kula siku kadhaa mfululizo, likaahirishwa, likarudi miezi mitatu mbele. Jopo lililoanza ndilo linalotakiwa kumaliza. Kwa hiyo ruhusa ya mwajiri isiwe ya mdomo, na iseme kinachotokea shauri likivuka tarehe zilizopangwa. Uliza pia kama posho inalipia saa za kusoma au siku za vikao tu, mabaraza yanatofautiana.

Nikuonyeshe kazi kwa karibu, kwa faili la kubuni lakini la aina inayojirudia. Mgonjwa wa baridi yabisi aliandikiwa methotrekseti miligramu 10 mara moja kwa wiki, yaani vidonge vinne vya miligramu 2.5. Lebo iliyobandikwa kwenye kopo ikasema "vidonge 4 kila siku". Siku ya tisa amelazwa, mdomo umejaa vidonda, ana homa, chembechembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya. Amepona. Binti yake ameandika malalamiko.

Faili lina kurasa 64. Wajumbe wengi husoma barua ya malalamiko kwanza, kisha majibu ya mfamasia, kisha vielelezo. Huo ni mpangilio unaokupa hadithi mbili kabla hujaona kitu chochote kilichoandikwa siku ya tukio. Soma kinyume chake. Anza na nyaraka zilizozaliwa wakati ule: nakala ya cheti cha dawa (ukurasa wa 7), picha ya lebo (wa 9), daftari la utoaji dawa (wa 22), muhtasari wa hospitali (wa 31). Chora mstari wa tarehe na saa kwenye karatasi moja. Halafu ndipo usome maelezo ya pande mbili, na kila sentensi uiulize inakaa wapi kwenye mstari ule.

Ukifanya hivyo, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, cheti kinasomeka; neno "wiki" limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo hoja ya mwandiko mbaya haisimami. Pili, mfamasia anasema msaidizi ndiye aliyechapa lebo. Huenda ni kweli, lakini sahihi ya mkaguzi kwenye daftari ni yake, na ukaguzi wa mwisho ndiyo kazi aliyosajiliwa kwayo. Tatu, anasema alimweleza mgonjwa kwa mdomo ameze mara moja kwa wiki. Binti anasema mama yake alikabidhiwa mfuko bila neno.

Hapo kwenye la tatu ndipo kamati nyingi huteleza. Wajumbe huanza kujadili nani anaonekana mkweli. Kamati inayoamua kwa karatasi haijamwona mtu yeyote akihojiwa, na haina namna ya haki ya kuamua ukweli wa maneno mawili yanayopingana. Ina njia mbili. Kama jambo linalobishaniwa ndilo linalobeba uamuzi wote, shauri lipelekwe mahali ambapo mashahidi watasikilizwa. Kama sivyo, kamati iliweke pembeni kwa maandishi na iamue kwa yale yasiyobishaniwa. Katika faili hili yasiyobishaniwa yanatosha: lebo ilikuwa na kosa la hatari, na aliyeikagua anajulikana.

Kisha linakuja swali la hatari. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Uingereza, ikipitia uamuzi uliomhusu daktari, iliweka maswali matatu ambayo yametumika sana tangu hapo: je, kosa lenyewe linarekebishika, je, limesharekebishwa, na je, uwezekano wa kulirudia ni mdogo sana? Maswali hayo yanakuondoa kwenye hasira na kwenye huruma kwa pamoja. Kosa la ukaguzi linarekebishika. Limerekebishwa? Mfamasia ameambatisha utaratibu mpya wa kukagua (ukurasa wa 58), na mjumbe mvivu ataishia hapo aandike "amechukua hatua". Usome. Utaratibu ule unaagiza watu wawili wakague dawa za watoto na za kulevya. Dawa zinazomezwa kwa wiki hazitajwi popote. Na kumbukumbu za baraza zinaonyesha miaka miwili nyuma alipewa ushauri kuhusu udhaifu wa daftari hilo hilo.

Tahadhari hapa: historia ya mtu hutumika kupima hatari na hatua ya kuchukua, haitumiki kujazia ushahidi. "Aliwahi kukosea, kwa hiyo na hili atakuwa amelifanya" ni mkato usioruhusiwa. Mabaraza mengine huificha historia hiyo mpaka kamati iwe imeshaamua ukweli wa tukio, na naona ni utaratibu mzuri.

Baada ya uamuzi huja sababu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo maamuzi mengi hufia mikononi mwa mahakama. Hii ni sababu mbovu ya kawaida: "Kamati imepitia malalamiko, majibu na vielelezo vyote, na baada ya mjadala wa kina imeridhika kwamba mfamasia apewe onyo." Mlalamikaji hajui kwa nini ni onyo tu. Mfamasia hajui kakosea nini. Jaji wa rufaa hajui chochote. Linganisha na hii:

"Lebo (uk. 9) inaagiza vidonge 4 kila siku, cheti (uk. 7) kinaagiza vidonge 4 mara moja kwa wiki. Mfamasia anakubali kwamba alikagua na kutoa dawa hiyo. Kamati haiwezi kuamua kama mgonjwa alipewa maelezo ya mdomo, kwa kuwa pande zinapingana na hakuna kumbukumbu iliyoandikwa siku hiyo. Uamuzi huu hautegemei jambo hilo. Utaratibu mpya (uk. 58) haugusi dawa zinazomezwa kwa wiki, na ushauri aliopewa awali ulihusu daftari lile lile. Kwa hiyo kamati inaona hatari ya kurudia haijaondoka. Mafunzo yenye tathmini, na ukaguzi wa duka baada ya miezi sita, yataigusa hatari hiyo moja kwa moja. Onyo peke yake lisingeigusa."

Angalia sentensi ya mwisho. Imesema kwa nini hatua hii na si nyepesi zaidi. Wengi huisahau. Hatua hupandwa kama ngazi kutoka chini: uanze na nyepesi kabisa, useme kwa nini haitoshi, upande moja, mpaka ufike inayotosha. Ukianzia juu na kushuka, umeshamfukuza mtu moyoni na sasa unatafuta punguzo. Na aliyeshindwa lazima ajione kwenye maandishi hayo: hoja yake kubwa itajwe na ijibiwe, hata kwa mstari mmoja. Katibu wa kamati au mwanasheria mshauri anaweza kukuandikia rasimu, lakini mawazo yawe ya wajumbe. Mwanasheria hueleza sheria. Hapigi kura, na akianza kuegemea upande fulani mwenyekiti amrudishe kwenye nafasi yake.

Kwenye nidhamu utaratibu ni mkali zaidi. Maswali ni matatu na hayachanganywi: je, tukio limethibitika, kama limethibitika, je, ni utovu wa nidhamu, kama ni utovu, hatua gani? Ushahidi wa hatua ya tatu, kama barua za sifa njema, hausomwi kwenye ya kwanza. Kiwango cha uthibitisho uambiwe na mwanasheria mwanzoni na ukiandike juu ya daftari lako. Mabaraza ya afya ya Uingereza yaliyokuwa yakitumia kiwango cha jinai, yaani bila shaka ya msingi, yalihamia kile cha madai mnamo mwaka 2008: kipi kina uwezekano zaidi kwamba kilitokea. Kwingine bado wanadai ushahidi mzito zaidi kwa tuhuma zinazoweza kumfutia mtu usajili. Ukitumia kisicho chako, uamuzi unarudi.

Kitu kimoja kitakushangaza: utaalamu wako ni mtego. Umewekwa kwenye jopo kwa sababu unajua dawa, na ujuzi huo utumie kuuelewa ushahidi. Lakini huruhusiwi kuugeuza uwe ushahidi wa siri. Ukikumbuka kwenye chumba cha mashauriano kwamba "sisi kazini kwetu kila methotrekseti inakaguliwa na watu wawili", hicho ni kiwango ambacho hakuna shahidi aliyekisema na mlalamikiwa hakupata nafasi ya kukipinga. Kama jambo ni la maana, liulizwe waziwazi wakati shahidi bado yuko kitini, au pande zote zirudishwe zielezwe na zijibu. Wajumbe wasio wanataaluma ni msaada mkubwa hapa, wanapouliza "hilo tumelisikia wapi?", msiwashushe kwa kuwaambia kila mfamasia anajua.

Swali lako uliulize lisilo na jibu ndani yake. "Ulikagua vipi lebo hii?" linafaa. "Huoni kwamba hukuikagua?" ni la wakili wa upande mmoja, na likitoka kinywani mwa mjumbe linaandikwa kwenye rufaa neno kwa neno. Asiyekuwepo chumbani wakati ushahidi unatolewa hapigi kura juu yake, hata kama alitoka nusu saa kupokea simu. Mwenyekiti asimamishe kikao mpaka arudi.

Usitafute chochote nje ya faili. Usimtafute mlalamikiwa mtandaoni, usipite dukani kwake kuona kaunta ilivyo, usimpigie daktari aliyeandika cheti. Dakika tano za udadisi zinaweza kubomoa shauri la mwaka mzima, kwa sababu mtu amehukumiwa kwa kitu ambacho hakukiona. Na kama kitu kinakosekana, mathalani kumbukumbu za kompyuta zinazoonyesha nani alichapa lebo saa ngapi, kamati iombe kwa maandishi kupitia kwa msajili, na kikifika pande zote zipewe nakala.

Kuna uamuzi mwingine unaofanywa kabla ukweli haujajulikana: kumsimamisha mtu kwa muda wakati uchunguzi unaendelea. Hapo hamuulizwi kama tuhuma ni za kweli. Mnaulizwa kama zingekuwa za kweli hatari ni kubwa kiasi gani, ushahidi uliopo una uzito gani kwa kuutazama juujuu, na kama masharti mepesi, kama kutofanya kazi bila msimamizi, yangetosha. Mtu anayesimamishwa anapoteza riziki bila kuthibitishiwa kosa, kwa hiyo weka tarehe ya kupitia upya na muiheshimu.

Sasa mtu unayemfahamu. Taaluma ni ndogo. Baada ya miaka 12 utawafahamu wengi, na kumfahamu mtu kwa jina au kuwahi kukaa naye kwenye warsha hakukutoi kitini. Kipimo kinachotumiwa na mahakama nyingi zenye asili ya sheria za Kiingereza, kilichowekwa na mahakama ya juu ya Uingereza Desemba 2001, ni hiki: je, mtu wa nje, mwenye haki, aliyeelezwa mambo yote ya msingi, angeona kuna uwezekano wa kweli kwamba umeegemea upande? Hawaulizi wewe mwenyewe unajionaje. Nafsi yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ukatakiwa kutoka.

Ndugu, mwenzi, mshirika wa biashara, bosi wako, mtu unayemsimamia, mtu unayeshindana naye mtaa mmoja: toka. Mwalimu wako wa zamani au mliyefanya kazi pamoja miaka kumi iliyopita: tamka, eleza, mwenyekiti aamue na mwanasheria ashauri. Angalia pia upande wa pili, ambao wengi huusahau: mlalamikaji, mashahidi, daktari aliyeandika cheti, wakili. Na aliyeshiriki kupima shauri kwenye uchunguzi asiketi tena kwenye nidhamu kulisikiliza.

Namna ya kutoka ina umuhimu wake. Ukipokea ajenda, pitia majina siku hiyo hiyo kabla hujafungua makabrasha. Ukimwona unayemfahamu, usisome faili. Mwandikie katibu wa kamati sentensi mbili, bila kueleza unavyomjua kuwa ni mtu mzuri au mbaya. Kikao kikifika kwenye shauri hilo, ondoka chumbani kabisa, au ukatiwe mawasiliano kama ni kikao cha mtandaoni. Kukaa kimya ukiwa umeketi hakutoshi. Muhtasari uandike saa uliyotoka na uliyorudi. Na katibu ahesabu akidi upya: jopo la watu watatu lenye sharti la mjumbe mmoja asiye mwanataaluma haliendelei kama aliyetoka ni yeye, hata wawili waliobaki wakiwa na busara kiasi gani. Ndiyo sababu ya kutoa taarifa mapema. Ukingoja asubuhi ya kikao, watu wamesafiri bure.

Siri ni sehemu ya kiapo, na huvuja kwa njia za kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kundi la simu la wajumbe "la kupanga usafiri tu" siku moja litabeba sentensi kuhusu shauri. Makabrasha yafunguliwe kwenye mfumo wa baraza, yasitumwe kwenye barua pepe ya kazini ambayo mwajiri anaweza kuisoma, yasichapishwe kwenye mashine ya ofisi. Daftari lako la kumbukumbu lina majina ya wagonjwa. Uliza mapema litunzwe wapi na liteketezwe lini, usilichome kwa uamuzi wako wakati rufaa bado inaweza kukatwa. Mwenzako akikuuliza kantini kuhusu shauri ambalo kila mtu analizungumza, jibu "siwezi kulizungumzia", na ulitumie jibu hilo hilo hata kwa mashauri ambayo huyamo, la sivyo kimya chako kitakuwa kinasema kitu.

Ukipangiwa usajili badala ya uchunguzi, jihadhari na kishawishi cha kulinda soko. Bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, Marekani, iliwaandikia barua watu wasio madaktari wa meno waliokuwa wakitoa huduma ya kung'arisha meno, ikiwataka waache. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba bodi inayotawaliwa na watu walioko kwenye soko lile lile haina kinga dhidi ya sheria za ushindani isipokuwa serikali inaisimamia kwa vitendo. Hata pasipo sheria kama hiyo, mwombaji aliyesomea nje apimwe kwa anachoweza kufanya, kwa vigezo vilivyoandikwa kabla hajaomba. Mjumbe akisema "tayari tupo wengi", hicho si kigezo cha usajili, na mwenyekiti asiruhusu kijadiliwe.

Kwenye barua yako ya maombi, usirundike vyeti. Eleza mara mbili au tatu ulizopaswa kuamua jambo gumu kwa ushahidi usiokamilika na ulivyoandika sababu. Kabla ya kusaini kukubali, omba vitu vinne: kanuni za kamati zenye akidi na muda wa ujumbe, kalenda ya vikao ya mwaka, tarehe ya mafunzo ya mwanzo, na kifungu cha sheria kinachokukinga usishtakiwe binafsi kwa uamuzi uliofanya kwa nia njema. Usikubali kupangiwa jopo kabla ya mafunzo. Omba kwanza kuketi kama mtazamaji kikao kimoja.

Kuhusu ukatibu: uache. Mabaraza mengine yanazuia waziwazi kushika nafasi zote mbili, na mengine yanataka muda upite kati ya kuondoka chamani na kuketi kwenye kamati, kwa hiyo uliza tarehe kabla hujaomba. Hata pasipo katazo, mlalamikaji atakayeona jina lako kwenye barua za chama kinachomtetea mlalamikiwa atakuwa na haki ya kukukataa. Uanachama wa kawaida hauna shida. Jiuzulu kwa barua yenye tarehe, kabidhi mafaili ya wanachama uliowahi kuwasaidia kwenye malalamiko, toka kwenye makundi ya simu ya uongozi, na uandike orodha ya majina ya hao uliowasaidia. Orodha hiyo ibaki kwako, uifungue kila ajenda inapofika: hao wote, kwenye shauri lolote watakaloletwa, wewe hutaketi.